Msimamizi wa tiba mtandao aanzie wodini

Mhariri,

Nasimamia mitambo ya matibabu kwa njia ya video katika mfumo wa hospitali kadhaa. Vijana wengi huniuliza kama kazi yenyewe ni kuunganisha kompyuta tu.

Saa zangu nyingi huishia kwenye sauti. Picha ikikwama, daktari na mgonjwa huvumiliana. Sauti ikichelewa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, wanaanza kukatizana, na mgonjwa mwenye haya hunyamaza bila kutaja dalili iliyomleta. Ndiyo maana kwetu mtandao ukidhoofika video hujizima, sauti ikabaki. Ukikatika kabisa, muuguzi anapiga simu ya kawaida papo hapo.

Linaloniuma zaidi ni vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, tunavyowapa wagonjwa waende navyo nyumbani. Kwa watu wenye ngozi nyeusi vinaweza kuonyesha kiwango kilicho juu kuliko hali halisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilieleza hilo wazi. Kwa hiyo skrini ya kipimo ikisoma asilimia 93 ya oksijeni kwenye damu, daktari asiridhike. Amsikilize mgonjwa anavyohema, amuulize kama anaweza kumaliza sentensi bila kutweta. Nilipigania miezi mingi swali hilo liingizwe kwenye fomu, na sasa limo.

Nawaomba wanaoajiri watu wa kazi hii wawapeleke kwanza wodini, wakae na wauguzi. Mimi nilipelekwa baada ya miaka mitatu. Nilikuwa nimechelewa.

Msomaji wenu,
Msimamizi wa tiba mtandao