Mjomba, programu ya Kirikuu inaanzia kwenye daftari

Mjomba, shikamoo.

Swali lako bado linanidai. Uliuliza mbele ya mama na mashangazi: huyu binti anasomea kompyuta, ada inalipwa, mbona kila alfajiri anaonekana na kalamu anachora viduara na mishale kwenye daftari? Programu ya kumpangia dereva wa Kirikuu, kile kigari chako cha mizigo, maduka ya kupitia, uliyoiomba tangu likizo iliyopita, iko wapi? Ukamalizia kwamba siku hizi akili mnemba inaandika programu yenyewe, mtu anaiomba tu kwenye simu.

Nilinyamaza kwa heshima, maana jibu lilikuwa refu kuliko muda tuliokuwa nao. Naliandika hapa hadharani kwa sababu wenzangu darasani wanaulizwa hilohilo na wazazi wao, na wanakosa namna ya kulieleza.

Nianze na ninachofanya alfajiri. Kila siku, kabla ya kipindi cha kwanza, nachukua swali moja la algorithimu, yaani la kutafuta hatua ambazo kompyuta itazifuata kutatua tatizo. Maswali hayo yapo bure mtandaoni, kwenye tovuti za LeetCode na Codeforces. Usiku nikiwa na bando nayahifadhi machache, asubuhi sihitaji intaneti. Nalisoma mara mbili, kisha nafunga laptop. Hapo ndipo daftari linapoingia. Naandika mifano midogo kwa mkono: orodha isiyo na kitu, orodha yenye kitu kimoja, orodha ambayo vitu vyote vinafanana, halafu najiuliza itakuwaje orodha ikifikia ukubwa wa juu kabisa unaoruhusiwa. Nikipata njia, nahesabu gharama yake kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Swali likisema orodha inaweza kuwa na namba 200,000, na njia yangu inalinganisha kila namba na kila nyingine, hiyo ni kazi ya mara bilioni 40. Nikizipanga kwanza kwa ukubwa, kazi inashuka hadi milioni chache. Kwa hiyo najua njia ya kwanza itakataliwa na tovuti kwa kuzidisha muda, na najua hivyo nikiwa bado na kalamu mkononi.

Baada ya wiki nalirudia swali lilelile kwenye ukurasa mtupu. Nililolielewa naweza kulijenga upya kutoka mwanzo. Nililolikariri limeshapotea, na hilo linarudi kwenye orodha ya kufanyiwa kazi.

Sasa nije dukani kwako, maana huko nina mfano ambao wewe unaujua kuliko mimi. Mteja anakudai chenji ya shilingi 3,800. Hukai kufikiri: unatoa elfu mbili, elfu moja, mia tano, mia mbili, mia moja. Vipande vitano. Kila hatua umechukua kikubwa kinachoingia, na kwa pesa yetu jinsi ilivyo, namna hiyo daima inatoa vipande vichache kuliko namna nyingine yoyote. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote akiamini kwamba kuanza na kikubwa ndiyo sheria ya chenji popote duniani.

Lakini tuseme Benki Kuu ingekuwa imetoa sarafu za 100, 300 na 400 peke yake, na unatakiwa kurudisha 600. Ukianza na kikubwa unatoa 400, halafu 100, halafu 100. Vipande vitatu. Wakati 300 mbili zingetosha. Njia ileile, mkono uleule wenye uzoefu, na jibu si bora tena. Kilichobadilika ni thamani za sarafu tu.

Swali hili nililifanya kwenye daftari, na dawa yake ni jedwali. Naandika 100, 200, 300, 400, 500, 600, na chini ya kila kiasi naandika vipande vichache zaidi vinavyokifikia. 100 ni kimoja, 200 ni viwili, 300 kimoja, 400 kimoja. Kwa 500 naangalia nyuma: nikitoka 400 naongeza kimoja, vinakuwa viwili. Kwa 600 naangalia nyuma mara tatu, kwenye 500, kwenye 300 na kwenye 200, kwa sababu sarafu ya mwisho lazima iwe mojawapo ya zile tatu. Nikitoka 300 naongeza kimoja, jibu ni viwili. Hakuna nilichobahatisha. Kila jibu limesimama juu ya majibu madogo ambayo tayari yameshathibitika, na hakuna hesabu niliyoifanya mara mbili.

Shika hapo, mjomba, kwa sababu ndipo Kirikuu inapopita.

Dereva wako, kama madereva wengi, huanza na duka lililo karibu, kisha lililo karibu na hapo, mpaka mzigo uishe. Ni ile njia ya chenji. Tuseme stoo iko Buguruni, pembeni ya Barabara ya Mandela. Upande wa Tabata kuna duka moja dakika 4 kutoka stoo, na jingine dakika 14. Upande wa pili, kuelekea Uhasibu, kuna duka la dakika 5. Akifuata ukaribu, anaanza na lile la dakika 4. Kutoka hapo, la upande wa pili liko dakika 9 na lile la mbali la Tabata liko dakika 10, basi anageuza gari. Akishamaliza huko anarudi njia yote hadi mwisho wa Tabata, dakika 19, halafu dakika 14 kurejea stoo. Jumla dakika 46. Angepita maduka yote mawili ya Tabata kwanza, ndipo aende upande wa pili, angetumia 38. Maduka matatu tu, barabara moja, na tayari dakika nane za mafuta zimeteketea bila mtu kufanya uzembe wowote.

Utasema: basi kompyuta ikague mipangilio yote ichague mfupi. Wewe una maduka 15 ya kupelekea. Mipangilio ya maduka 15 ni 1,307,674,368,000. Kompyuta ikikagua milioni mia moja kwa sekunde, itachukua zaidi ya saa tatu na nusu. Unaweza kuvumilia, ukaiacha usiku kucha. Lakini uliniambia unataka kuongeza wateja watano kule Kigogo na Mabibo. Maduka 20, kompyuta ileile, kasi ileile: zaidi ya miaka 700. Hapa ndipo watu wengi wasiofanya mazoezi haya wanapoumia, kwa sababu programu waliyoijaribu kwa maduka manane iliwajibu papo hapo, wakaamini iko sawa, wakaipeleka kazini.

Mwaka 1962 Michael Held na Richard Karp walichapisha njia ya kulishughulikia tatizo hili kwa jedwali, na mwaka huohuo Richard Bellman naye akachapisha wazo hilohilo. Jedwali lao ni ndugu wa lile la sarafu. Badala ya kiasi cha pesa, kila chumba cha jedwali kinajibu swali moja: ikiwa dereva ameshapita maduka haya, na sasa yuko kwenye duka hili, muda mfupi zaidi aliotumia ni upi? Haijalishi aliyapita kwa mpangilio gani. Ule mrefu hautufai tena, tunautupa. Kwa maduka 15 makundi ya maduka yaliyopitwa ni 32,768, na hesabu yote haizidi milioni saba na nusu. Simu yako inaimaliza kabla hujaishusha kutoka sikioni. Kwa maduka 20 inafika kama milioni 420, ambayo kwa laptop yangu ni sekunde chache.

Nilipoielewa njia hii nilifurahi sana, mjomba, na furaha hiyo ndiyo inayoniamsha. Watu watatu, miaka zaidi ya sitini iliyopita, walikaa na tatizo la namba zinazotisha wakaona kwamba karibu kazi yote ilikuwa marudio.

Haina maana kwamba tatizo limekwisha. Kwa maduka 30 jedwali hilo linahitaji vyumba zaidi ya bilioni 32, haliingii kwenye kumbukumbu ya mashine yangu. Hadi leo hakuna aliyepata njia ya haraka inayotoa jibu bora kwa idadi yoyote ya maduka, wala aliyethibitisha kwamba njia hiyo haiwezi kuwepo. Swali mama la jambo hili liliwekewa zawadi ya dola milioni moja na Taasisi ya Hisabati ya Clay mwaka 2000, na zawadi hiyo bado haijachukuliwa. Kwa hiyo siku ukifikisha maduka 30 nitakupa mpangilio mzuri, na nitakwambia wazi kwamba ni mzuri, si kwamba hakuna ulio bora kuliko huo.

Kuhusu akili mnemba. Naitumia, na inaandika vizuri. Ninachokihitaji mimi ni uwezo wa kujua ilichoandika kama ni sahihi, na huo haupatikani kwa kuomba. Chukua jambo dogo kuliko yote tunayofundishwa: kutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa kwa kukata katikati. Unaangalia jina la katikati, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Majina yote hayo yakipangwa, jina lolote linapatikana kwa kuangalia mara 26 tu. Ni wazo ambalo mtoto wa darasa la tano ataliona. Hata hivyo lilipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1946, ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchapishwa programu iliyolifanya sawasawa kwa orodha ya urefu wowote.

Halafu mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeiandika njia hiyo ndani ya Java, lugha ya kuandikia programu, alitangaza kwamba ilikuwa na hitilafu kwa miaka karibu tisa. Alikuwa ameichukua kutoka kwa mwalimu mkubwa, Jon Bentley, ambaye alikuwa ameithibitisha kwa hoja na kuijaribu. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa kutafuta katikati: jumlisha mwanzo na mwisho, gawa kwa mbili. Nani angeutilia shaka mstari huo? Lakini namba ya kawaida ya Java inaishia 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja, ile jumla inaweza kuvuka mpaka huo ikageuka kuwa hasi, na programu inaanguka. Dawa ni kuchukua mwisho, kutoa mwanzo, kugawa kwa mbili, kisha kuongeza kwenye mwanzo. Jibu lilelile kwa hesabu ya ubaoni, lakini halivuki mpaka.

Mabingwa waliupita mstari ule bila kuuona. Kwa hiyo mtu akinionyesha programu iliyoandikwa na akili mnemba kwa dakika moja, nami nisiwe na mazoea ya kuuliza itakuwaje orodha ikiwa tupu, ikiwa kubwa mno, ikiwa na majina mawili yanayofanana, nitakuwa nakuuzia gunia ambalo sijalifungua.

Programu yako naipima hivi. Nimeandika mbili. Moja ni ile ya kijinga inayokagua mipangilio yote, na nyingine ni ya jedwali. Kwa maduka matano mipangilio ni 120 tu, hivyo ya kijinga inajibu mara moja na ni vigumu ikosee kwa sababu haina ujanja wowote. Natengeneza dakika za kubuni, nazipa zote mbili, nalinganisha majibu. Nabadilisha dakika, naendelea maelfu ya mara, mashine inafanya yenyewe. Siku zikitofautiana hata mara moja, nachukua mfano huo, naurudisha kwenye daftari, nautembea hatua kwa hatua mpaka nione ni wapi zilipoachana. Jumamosi tunakaa wanafunzi watatu na laptop moja, kama yanavyochezwa mashindano ya ICPC, yale ya vyuo vikuu ya kuandika programu, na kila mtu analazimika kuwaeleza wenzake kwa maneno kwa nini njia yake ni sahihi kabla hajaruhusiwa kugusa kibodi. Pale kwenye kueleza ndipo makosa mengi yanapokamatwa.

Kwa hiyo programu ipo, mjomba, na inafanya kazi kwa dakika za kubuni. Kilichobaki kiko kwako. Stoo na maduka 15 ni sehemu 16, na kutoka kila sehemu kwenda kila nyingine ni safari 240, kwa sababu kwenda na kurudi havilingani: ukitoka Tabata kuja Buguruni asubuhi unakutana na foleni ambayo anayekwenda upande wa pili haioni. Siwezi kuzipata kwenye ramani nikaziamini. Nyingine nitazikadiria kwa kupitia njia za mkato zilizopo kati yao, lakini zile kubwa nazihitaji kutoka barabarani.

Naomba dereva apewe daftari dogo. Kila akiondoka duka moja aandike saa, akifika jingine aandike saa. Aanze na maduka ya Mandela, yale ya Vingunguti yasubiri mpaka barabara ile ikauke, maana dakika za kipindi cha matope zitatudanganya. Asizungushe namba: kama ni dakika 17 aandike 17. Na tafadhali mwambie aandike hata siku ambazo foleni imemkera, hizo nazitaka zaidi.

Nitakuja kulichukua daftari nikifunga chuo. Nisalimie shangazi na wadogo zangu.

Mpwa wako