Jumamosi tunashika sakafu ya bahari

Assalaam aleikum ndugu zangu. Jumamosi tukutane Mama Ngina, kwenye mibuyu, saa kumi jioni. Nitakuja na jiwe nililoletewa na shangazi kutoka Oman: kijani kibichi kilichoiva, lina michirizi kama ngozi ya nyoka, na ukilipapasa linateleza kama sabuni. Ndiyo maana mwaka 1813 Mfaransa Alexandre Brongniart aliyaita mawe ya aina hii ofioliti, kutokana na neno la Kigiriki la nyoka.

Ofioliti ni kipande cha sakafu ya bahari kilichopandishwa nchi kavu. Kwa kawaida sakafu hiyo, ikishapoa na kuwa nzito, huzama chini ya bara na kupotea. Milima ya Oman imeokoa kipande chake, chenye umri wa miaka milioni 95 hivi. Chini kabisa kuna peridotiti, mwamba wa chini ya ganda la dunia. Juu yake gabro, mwamba mzito wa chembe kubwa uliopoa polepole, kisha kuta za basalti, mwamba mweusi wa volkano, zilizobanana wima, na juu kabisa lava iliyogandia majini ikavimba kama mito ya kulalia. Mtu anatembea kwa miguu kilomita kadhaa chini ya bahari isiyokuwepo tena!

Na si Oman tu. Hapa Kenya mabaki yake yapo Sekerr, Pokot Magharibi, ya kale zaidi sana.

Njooni na siki. Tutaidondosha kwenye jiwe letu la matumbawe litoe povu, kisha kwenye hili la kijani. Watoto waje pia, tafadhali.