Kofia ya sufu niliyovishwa Kullu: barua kwa Bibi na Babu, Ujiji

Solan, Himachal Pradesh, India

Bibi yangu, shikamoo. Babu, shikamoo. Mama, mdogo wangu na wote mliopo hapo nyumbani, assalaam alaykum.

Mimi ni mzima, alhamdulillah. Masomo yanakwenda vizuri na baridi imeanza kukaza. Dagaa mliompa yule kijana wa Mwanga walifika wakavu kabisa, na mawese hayakumwagika hata tone. Jumapili niliwaita Watanzania wenzangu, tukasonga ugali kwa unga wa mahindi ya njano unaouzwa sokoni hapa, tukala mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Mama, Mungu akuzidishie.

Siku ile kwenye simu Babu aliniuliza kile nilichovaa kichwani kwenye picha ni kitu gani, na mtandao ukakata kabla sijajibu. Nimeona bora niandike, maana maelezo yake ni marefu na jambo lenyewe limenikaa moyoni.

Ile ni kofia ya Kullu, Babu. Kullu ni bonde la mto Beas, safari ya kutwa nzima kwa basi kutoka hapa Solan. Jimbo lote hili ni milima ya Himalaya, na kadiri unavyoelekea kaskazini ndivyo inavyozidi kupanda. Juu ya Kullu kuna mji wa Manali, na juu ya Manali kuna njia ya Rohtang, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Theluji inaifunga njia hiyo miezi kadhaa kila mwaka, na zamani watu wa Lahaul, upande wa pili, walikuwa wanabaki wametengwa na ndugu zao wa Kullu mpaka jua lirudi. Mwaka 2020 ndipo lilipofunguliwa handaki la kilomita 9 lililopita chini ya mlima.

Nchi ya namna hiyo mtu haishi bila kondoo. Wapo wafugaji wanaoitwa Wagaddi. Kiangazi wanapandisha mifugo kwenye malisho ya juu, baridi ikikaribia wanaiteremsha mabondeni, na maisha yao yote yako njiani. Wazee wao wanavaa koti zito la sufu linalofika magotini, na kiunoni wanajizungushia kamba nyeusi ya sufu, mizunguko mingi, wanaiita dora. Kondoo akizaa njiani, mchungaji anamtia mwanakondoo ndani ya koti kifuani, na ile kamba inamzuia asiteleze chini. Nilimwona mmoja kandokando ya barabara, kichwa cha mwanakondoo kimechomoza chini ya kidevu chake, yeye anatembea tu kama kawaida. Kofia za huku zimetokana na sufu hiyo hiyo.

Niliipata hivi. Mwezi wa 10 rafiki yangu wa darasani alinialika kwao, kijiji cha mlimani juu ya mji wa Kullu, wakati wa Dussehra. Ni sikukuu ya Wahindu nchi nzima, lakini Kullu wanaianza siku ile ambayo kwingine ndiyo wanamaliza, na wanaiendeleza kwa siku 7. Kila kijiji kinashuka na mungu wake amebebwa begani juu ya machela yenye vitambaa na nyuso za fedha na dhahabu, pamoja na ngoma na baragumu ndefu zilizopinda. Zaidi ya machela 200 zinakusanyika kwenye uwanja mmoja mkubwa unaoitwa Dhalpur. Mimi dini yangu naijua na sikwenda kuabudu. Nilikwenda kama mgeni, na walinipokea kama mgeni. Na kwenye umati ule wote, Babu, ukitazama kutoka juu unaona kofia tu.

Asubuhi kabla ya kushuka, babu wa rafiki yangu aliniita uani. Kiingereza hana, na Kihindi changu mimi ni cha kununulia nyanya. Alitoa kofia mpya kwenye mfuko, akaipangusa kwa kiganja, akanivisha kwa mikono yake miwili. Kisha akaizungusha kidogo mpaka ule mkanda wa rangi ukakaa sawasawa juu ya paji la uso. Mkewe akachuma ua la rangi ya chungwa, akalichomeka ubavuni. Basi. Tangu hapo kila tulipopita watu walinisalimu kwanza mimi, kisha wenyeji wangu.

Baadaye rafiki yangu alinieleza kwamba hivyo ndivyo mgeni wa heshima anavyopokewa huku: kofia kichwani na shali mabegani. Akija mkubwa wa serikali anavishwa. Wakwe wakikutana harusini wanavishana. Nilimkumbuka dada alipoolewa, wakwe walivyoleta kanzu na kofia ya Babu kabla ya mahari kuzungumzwa, na Babu alivyoivaa pale pale barazani bila kusubiri Ijumaa.

Sasa nikueleze umbo lake. Ni ya mviringo, juu bapa, imesimama kama baraghashia yako ila ni nzito zaidi. Sehemu ya juu ni kitambaa cha sufu, mara nyingi cha kijivu, kahawia au cheupe, na ndani kuna bitana ya pamba ili isiwashe. Mbele ndipo penye uzuri: ukanda uliofumwa kwa nyuzi za rangi kali, nyekundu, njano, kijani, waridi, kwa michoro ya pembe na misalaba midogo midogo, inayojirudia bila kukosea. Ikilowa mvua inanukia kondoo. Mimi harufu hiyo nimeshaizoea, hata naipenda.

Lakini si zote zenye mchoro. Ukienda upande wa mto Sutlej, kwenye uliokuwa ufalme wa Bushahr na kupanda mpaka Kinnaur karibu na mpaka wa Tibet, mbele ya kofia wanaweka mahameli ya kijani. Huko Kinnaur hata wanawake wanavaa, kofia ile ile, na siku ya sherehe wanaijaza maua pembeni. Kwa hiyo mtu wa huku akikuona tu anajua umetoka bonde gani, kabla hujafungua mdomo.

Wanasiasa nao hawakuiacha. Virbhadra Singh, aliyetoka ukoo wa watawala wa Bushahr na kuwa waziri kiongozi wa jimbo hili mara 6, alivaa kijani maisha yake yote mpaka alipofariki 2021, na wafuasi wake wakavaa kijani. Mpinzani wake Prem Kumar Dhumal, wa mabonde ya chini, akavaa damu ya mzee, na watu wake wakafuata. Ikafika mahali, kama kule kwetu mtu akipita na kijani na njano msimu wa uchaguzi, hakuna haja ya kumuuliza yuko chama gani. Wazee wengi niliozungumza nao hawalipendi jambo hili, na mimi niko upande wao. Kofia ya kumpokelea mgeni haifai kutumika kuwagawa wenyeji.

Hapa chuoni yupo pia mwenzetu wa Afghanistan, naye anayo kofia yake ya sufu, pakol. Hiyo ni laini, haina ukanda. Imeshonwa kama mfuko mrefu, juu imezibwa kwa kipande cha duara, na mvaaji anaikunja kutoka chini kwenda juu, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka inapata ukingo mnene. Baridi ikizidi anaikunjua kufunika masikio. Watu wa Chitral na Gilgit, kule Pakistan, nao wanaivaa, na siku za furaha wanaichomeka unyoya mweupe. Jioni tukikaa pamoja, mimi na Kullu yangu na yeye na pakol yake, wapishi wa bwenini wanajua leo ni baridi kweli.

Bibi, sasa nakuja kwako, maana wewe ndiye niliyekuwa nakuwaza siku zote hizo.

Rafiki yangu alinipeleka kwa shangazi yake anayefuma zile kanda za mbele. Anakaa kwenye kitanda cha kufumia cha mbao, miguu inakanyaga vibao chini, mikono iko kwenye nyuzi. Ule mchoro hautoki kwenye mashine wala kwenye karatasi. Anachukua uzi mdogo wa rangi, anaupenyeza kwa kidole kati ya nyuzi zilizotandazwa, anahesabu kimya, anapenyeza mwingine, kisha anapiga kitana cha mbao kubana. Midomo inacheza, macho hayatoki kwenye kazi. Bibi, nilikuona wewe kwenye mkeka pale uani Ujiji, miwani imeshuka puani, unatoboa kijitundu cha kofia ya viua, unakizungushia uzi, unahesabu, unatoboa kingine. Hata ile tabia ya kutojibu mtu akikusalimia katikati ya hesabu, anayo vilevile.

Nikamuuliza kama inalipa. Akasema inalipa kwa sababu hawauzi mmoja mmoja. Kumbe michoro hiyo ya rangi haikuanzia Kullu. Zamani Kullu walifuma sufu tupu isiyo na mapambo, na mafundi wa Bushahr ndio walioleta ufundi wa michoro, ukakolea miaka ya 1940. Mwaka 1944 wafumaji wachache wa kijiji kinachoitwa Bhutti waliandikisha ushirika. Ushirika huo upo mpaka leo, unajulikana kwa jina la Bhuttico, una maduka miji mingi ya India, na maelfu ya watu wa bonde lile wamepata riziki kwa shali na kofia. Sheria ya India pia inalilinda jina la shali ya Kullu, asiruhusiwe mtu wa mbali kulitumia. Hata hivyo viwanda vya Punjab vinatoa mashali ya mashine yanayofanana kwa mbali, yanauzwa rahisi kwa watalii wasiojua. Shangazi yule alinionyesha namna ya kutambua: geuza upande wa nyuma, tazama nyuzi za rangi zimeishia wapi. Za mkono zinarudi zenyewe kwenye mchoro, za mashine zimekatwa.

Kule kwetu nani anamwonyesha mnunuzi tofauti? Pale soko la Mwanga kofia za mashine zimejaa, vijana wananunua siku ya Idi, baada ya kufuliwa mara chache zimelegea. Ya kwako, Bibi, Babu anaipiga wanga, anaivalisha juu ya kopo la maziwa ya unga, ikikauka imesimama kama siku ya kwanza, na ni ile ile tangu mimi nikiwa darasa la pili. Hiyo si kazi ya kuacha ipotee na macho yako.

Mdogo wangu, hapa nazungumza na wewe, na nakuomba usomee wengine sehemu hii bila kuruka. Umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani unasubiri. Kaa na Bibi. Usimwombe akufundishe kwa maneno, hatakufundisha hivyo. Shika sindano ukae ubavuni kwake, anza na kofia ya mtoto yenye mchoro mdogo. Kila kofia ya zamani iliyomo kwenye sanduku lake ipige picha, nje na ndani, na uandike daftarini jina la mchoro na idadi ya viua kwa kila mstari kama anavyovitaja yeye. Kisha zungukeni kwa wale wamama wengine wanaoshona. Mkifika watu wa kutosha, nendeni ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapo Kigoma mkaulize kuhusu mafunzo na kuuza, na kwa afisa maendeleo ya jamii mkaulize mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kwa wanawake na vijana, vikundi ndivyo vinavyopewa, mtu peke yake hapewi. Mimi kitambaa na uzi wa kuanzia nitavigharamia kutoka kwenye posho yangu, nimeshapiga hesabu, inawezekana. Na Wahindi wa hapa nimewaonyesha picha ya kofia ya Babu. Wawili wameuliza bei, hawatanii.

Bibi, usimkatalie kwamba ana mikono mizito. Hata Mama anasema wewe ulikuwa hivyo hivyo.

Babu, nimekuagizia kofia yako. Mwanzoni nilifikiri ya kijani, najua unapenda kijani, lakini nimechagua ya Kullu yenye ukanda wa michoro, kwa sababu ndiyo niliyovishwa mimi na nataka tuwe nayo sare. Najua joto la Ujiji. Ihifadhi kwa safari za kwa Shangazi Heru Juu, asubuhi ya kule na ukungu wake inaistahili. Usiifue kwa maji ya moto, sufu itasinyaa. Iloweshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, usiikamue, ianike kivulini. Na usiiweke chini sakafuni, ingawa hilo wewe huhitaji kuambiwa.

Yupo mwenzetu anarudi Dar mwishoni mwa mwezi wa 12, atapokea mzigo na kuuweka kwenye basi la Kigoma, namba ya risiti nitaituma kwa simu ya Mama. Ila kofia hizi zinauzwa kwa kipimo na fundi anasubiri. Mdogo wangu, chukua uzi, umzungushe Babu kichwani, juu kidogo ya masikio, upite katikati ya paji la uso, usikaze. Kisha uulaze kwenye futi ya Bibi ya kushonea, unitumie inchi kwa WhatsApp kabla ya Ijumaa. Mpime pia na Baba Mkubwa kama yupo.

Wasalaam,

Mjukuu wenu