John Quincy Adams hakuishia Ikulu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu marais wa mwanzo wa Marekani nimeisoma yote, tena kwa raha. Washington mmempa nafasi ya kutosha, Jefferson vivyo hivyo. Ila alipofikiwa John Quincy Adams, rais wa 6, mmeandika mistari miwili tu: mtoto wa rais, alitawala muhula mmoja, akashindwa na Andrew Jackson. Yote ni kweli. Lakini mmemwacha pale ambapo kazi yake kubwa ilikuwa bado haijaanza.

Urais wake wenyewe siutetei. Katika uchaguzi wa 1824 wagombea walikuwa wanne; Jackson alipata kura 99 za wajumbe wanaomchagua rais, yeye 84, na kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu ya kura zote, uamuzi ukaangukia Baraza la Wawakilishi. Spika Henry Clay akamuunga mkono Adams, Adams akashinda, na siku chache baadaye Clay huyohuyo akatajwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Ningekuwa mfuasi wa Jackson, nami ningenuna. Mipango ya Adams ya barabara, mifereji na chuo kikuu cha taifa ilikwama bungeni, na mwaka 1828 akabwagwa kwa kura 178 dhidi ya 83. Hata kwenye kuapishwa kwa mshindi hakutokea.

Mwaka 1830 watu wa Plymouth, Massachusetts, wakamtaka agombee ubunge. Wapo walioona huko ni kujishusha. Yeye akajibu kwamba mtu hashuki hadhi kwa kuwatumikia wananchi, hata akichaguliwa mjumbe wa halmashauri ya mji wake. Aliposhinda aliandika kwenye shajara yake kwamba kuchaguliwa urais hakukumpa hata nusu ya furaha ile. Akakaa bungeni miaka 17.

Na humo bungeni ndimo nilimotaka mtufikishe. Enzi hizo wananchi walipeleka maombi yao bungeni kwa maandishi, na mbunge aliyasimamia kwa kuyasoma au kuyaeleza. Maombi ya kutaka utumwa ukomeshwe yalipozidi, wabunge wa majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na utumwa, na wenzao wakapitisha kanuni mwaka 1836: hati yoyote inayogusa utumwa iwekwe kando, isichapishwe, isipelekwe kwenye kamati, isijadiliwe. Adams hakuwa mwanaharakati wa kupinga utumwa. Mwaka 1831 aliwasilisha hati za Waquaker (Wakristo wa dhehebu la Quaker) wa Pennsylvania waliotaka utumwa ukome jijini Washington, na papo hapo akasema yeye ombi hilo haliungi mkono. Kilichomkera mwanzoni ni raia kufungwa mdomo.

Februari 1837 akasimama, mzee wa miaka 69, akamuuliza Spika James Polk: nina hati hapa inayosemekana imetoka kwa watumwa 22, je, naruhusiwa kuiwasilisha chini ya kanuni yenu? Ukumbi ukalipuka. Mmoja akataka karatasi ile ichomwe moto, wengine wakadai Adams aadhibiwe. Aliwaacha wapige kelele mpaka wakakolea, ndipo akawaambia kwamba hawakumuuliza hati inasema nini: waliotia alama zao humo walikuwa wakiomba utumwa USIKOMESHWE. Na tena alikuwa ameuliza tu, hajawasilisha kitu. Wabunge waliokuwa wakitaka kumwadhibu wakabaki wakitafuta maneno mapya ya mashtaka yao. Nakiri huwa nacheka kila nikifika hapo.

Mwaka 1842 walijaribu tena kumwadhibu, safari hii kwa hati ya watu wa mji wa Haverhill, Massachusetts, waliotaka Muungano wa majimbo ya Marekani uvunjwe. Akaomba karani asome kwa sauti Azimio la Uhuru la Marekani, linalosema wananchi wana haki ya kubadili au kuondoa serikali yao, kisha akajitetea siku nyingi hadi wenyewe wakachoka na hoja ikawekwa kando. Kanuni ile ilifutwa Desemba 1844 kwa kura 108 dhidi ya 80, na hoja ya kuifuta ilikuwa yake.

Kesi ya Amistad nayo hamkuigusa. Waafrika waliotekwa kutoka nchi ya leo ya Sierra Leone, wakiongozwa na Sengbe Pieh, walikuwa wameiteka Amistad, meli iliyowabeba kama watumwa, karibu na Cuba mwaka 1839, wakaishia jela Connecticut. Mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1841, ambako majaji wengi walikuwa watu wa Kusini, Adams aliwatetea kwa saa kadhaa. Jaji mmoja alifariki usiku baada ya siku yake ya kwanza ya kuzungumza, shauri likasimama, kisha akarudi kumalizia. Machi 9 mahakama ikaamua kwamba ni watu huru. 35 kati yao walifika kwao Januari 1842.

Haya hayamfanyi mtakatifu. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, miaka 8 nzima, mawazo yake makali kuhusu utumwa aliyamwaga shajarani na hadharani akanyamaza. Hilo nalo lingefaa kuandikwa, maana ndilo linaloonyesha kilichobadilika baada ya kupoteza cheo.

Basi mkiendelea na sehemu ya pili, naomba jedwali lenu liongezwe safu moja: marais hao walifanya nini baada ya kuondoka Ikulu. Kwa Adams muweke 1831 hadi 1848. Nafasi ikibana, punguzeni picha.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro