Maji ya choo yakishuka yenyewe, pimeni kabla ya kung'oa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua kuhusu jambo ambalo sisi mafundi bomba tunaulizwa kila mara: choo cha kukaa ambacho maji ya kwenye bakuli hushuka yenyewe. Jioni yako mahali pake, asubuhi yamebaki kidogo chini na harufu imeshajaa chumbani. Wengi hukimbilia kubadilisha mpira wa chini ya tangi. Mpira huo ukivuja, maji huongezeka bakulini, hauwezi kuyapunguza. Wengine hung'oa choo kizima, wakaweka kipya, na baada ya wiki moja maji yanashuka vilevile.

Kazi ya maji yale ni kuziba njia. Nyuma ya bakuli, ndani ya kauri yenyewe, kuna mkunjo unaopanda kisha unashuka kuelekea bomba la maji taka. Sehemu ya juu ya mkunjo tuiite kizingiti: maji hayawezi kusimama juu zaidi ya hapo, yakizidi yanamwagikia upande wa pili. Kuanzia usawa wa kizingiti kushuka hadi mahali ambapo hewa ingeweza kupenya, vyoo vingi vya kukaa vina kina cha takriban milimita 50. Kina hicho ndicho kinachotenganisha chumba na gesi za bomba, zikiwemo methani na salfaidi ya haidrojeni yenye harufu ya yai viza. Wazo lenyewe ni la zamani. Alexander Cummings, fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, alipewa hataza mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililokunjwa. Na si suala la harufu tu: mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, na wachunguzi walitaja mikunjo ya matundu ya maji ya sakafuni iliyokauka kuwa moja ya njia zilizopitisha virusi.

Swali la kwanza, ambalo karibu kila mtu hulirukia, ni hili: maji yamepotea, au hayakufika tangu mwanzo? Jibu linapatikana kwa jagi. Flashi, subiri tangi lijae na lisimame, kisha mimina lita mbili bakulini polepole. Kama maji yamepanda na kubaki juu, bakuli halikuwa limejaa, hakuna kilichovuja. Kama yamepanda kidogo na kurudi palepale, bakuli lilikuwa limejaa hadi kizingitini, na kama baadaye yatashuka chini ya hapo, basi kweli yanapotea.

Kwa bakuli lisilojaa, fungua tangi. Kutoka kwenye vali ya boya hutoka mpira mwembamba unaopaswa kumwaga maji ndani ya bomba la kufurikia wakati tangi linajaa. Maji hayo ndiyo yanayorudisha kina cha bakuli. Mpira ukichomoka na kumwagia tangini, tangi litajaa vizuri na bakuli litabaki pungufu kila siku. Kuna vyoo vinavyosafisha kwa kusukuma, maji yakishuka kwa nguvu kutoka tangini, na kuna vinavyosafisha kwa kunyonya, ambavyo hujifyonza karibu bakuli zima. Hivyo vya kunyonya vinautegemea mpira huo kabisa. Urudishe, lakini ncha yake iishie juu ya mdomo wa bomba la kufurikia. Ukiuzamisha ndani hadi chini ya usawa wa maji ya tangi, utaanza kulinyonya tangi lenyewe, na utasikia vali ikijaza usiku wa manane bila mtu kugusa choo.

Ikithibitika kwamba maji yanapotea, pima kwa utaratibu huu. Funga koki ya tangi na uflashi mara moja ili tangi libaki tupu. Hatua hii ni muhimu kwa sababu mpira wa chini ya tangi ukivuja hujaza bakuli kimyakimya na kuficha tatizo. Kausha upande mmoja wa ndani ya bakuli, bandika rula ya plastiki imesimama wima, kisha jaza kwa ndoo polepole hadi maji yaanze kumwagikia upande wa pili. Yakitulia, soma rula. Soma tena baada ya dakika 15, saa moja, saa nne, na asubuhi. Muda wote huo pasiwe na mtu anayemwaga maji popote kwenye nyumba, na usichague siku ya upepo mkali. Panga magazeti makavu kuzunguka kitako cha choo. Kuna vitu viwili vya kuandika: yameshuka kwa kasi gani, na yamesimama wapi.

Yakishuka polepole kwa saa kadhaa, sakafu ikiwa kavu, mshukiwa wetu wa kwanza ni utambi. Utambi wa taa hunyonya mafuta kutoka chini hadi kwenye moto. Uzi wa tambara la kupigia deki, shungi la nywele au kitambaa cha kujifutia kilichokwama juu ya kizingiti, ncha moja ikiwa majini na nyingine ikining'inia upande wa bomba, hufanya kazi hiyohiyo. Maji hupanda ndani ya nyuzi, huvuka kizingiti na kudondoka tone kwa tone. Choo hakizibi, kinaflashi kama kawaida, ndiyo maana hakuna anayewaza kwamba kuna kitu ndani. Dalili yake ni kwamba kasi na mahali maji yanaposimama hubadilika kutoka jaribio moja hadi jingine, kwa kuwa kila ukiflashi ule uzi hulala kivingine. Asubuhi moja yameshuka milimita 30, kesho yake 12, keshokutwa hayakushuka.

Kumwaga ndoo mbili za lita kumi kwa mkupuo huuondoa utambi mwepesi. Usipoondoka, tumia waya wa kuzibulia choo, ule wenye mkono wa kuzungusha na ala ya mpira inayozuia kukwaruza kauri. Uingize taratibu hadi upite kizingiti, uzungushe ili ncha iliyojikunja inase nyuzi, kisha uvute huku ukiendelea kuzungusha upande uleule. Ukigeuza mzunguko, unaachia ulichokwisha kunasa. Pampu ya mpira hatuipendi kwa kazi hii. Husogeza kitu bila kukitoa. Choo kinaonekana kimepona kwa siku mbili, kisha hali inarudi. Kama tatizo hurudi kila baada ya miezi michache, huenda njia ya ndani ya choo hicho haikupakwa vizuri ule ung'avu wa kauri. Uso wake unakwaruza, na hunasa chochote chenye nyuzi.

Ufa una tabia tofauti. Maji hushuka hadi mstari uleule kila mara, kisha yanasimama, maana yamefika usawa wa ufa na hayana pengine pa kutokea. Ukipata rula inasoma namba ileile siku tatu mfululizo, acha kutafuta nyuzi. Ufa wa nje huonekana kwenye magazeti. Ili kuondoa shaka kwamba unyevu huo ni jasho la tangi, yaani unyevu wa hewa unaoganda juu ya tangi baridi, tia rangi ya chakula bakulini na uangalie kama magazeti yanapata rangi. Mgumu ni ufa wa ndani, kwenye ukuta unaotenganisha mkunjo na njia ya kutokea. Hapo maji huingia moja kwa moja kwenye bomba la maji taka, sakafu haioni hata tone.

Njia ya kuuthibitisha ni kuchomoa choo, kukiinamisha ili maji na uchafu vitoke, kumulika tundu la kutokea kwa tochi, kisha kukisimamisha sawasawa juu ya matofali mawili penye sakafu kavu. Kijaze hadi kizingitini, futa tundu la kutokea, na usubiri. Hapo hakuna bomba wala hewa ya kulaumiwa. Tundu likiendelea kutoa matone, na umeshahakikisha hakuna nyuzi ndani, kauri imepasuka. Usihangaike na gundi. Pale ndani huwezi kupakausha wala kupafikia vizuri, na hata ikishika haidumu. Nunua choo kingine, lakini jiulize cha kwanza kilipasukaje: bolti zilizokazwa kupita kiasi, kitako kilichozungushiwa saruji ngumu badala ya silikoni, au birika la maji ya moto lililomiminwa kwenye kauri baridi.

Sasa chukulia kwamba rula haikusogea usiku kucha, hata ulipolirudia jaribio, na bado maji hupungua siku za kawaida. Hapo choo hakina kosa. Kosa liko kwenye hewa ya mabomba. Maji mengi yanaposhuka kwenye bomba husukuma hewa mbele yake na kuacha upungufu nyuma. Bomba la hewa linalotokeza juu ya paa lipo ili kuujaza upungufu huo. Likiziba, hewa hutafutwa kwenye mkunjo ulio karibu, yaani chooni kwako. Na haihitaji nguvu kubwa: kuvunja kizuizi cha milimita 50 kunatosha mvuto wa kama sehemu moja kwa mia mbili ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka.

Jaza sinki la kunawia na la jikoni, mtu mmoja ayafungulie pamoja na kuflashi choo kingine, mwingine akiangalia bakuli lenye tatizo. Maji kutikisika kidogo ni kawaida. Yakivutwa nyuma kwa sauti ya kugugumia, kisha yakarudi yakiwa chini zaidi, umepata jibu. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, fungua mfuniko wa chemba iliyo karibu na urudie. Kama sasa bakuli limetulia, hewa ilikuwa inakosekana. Kama chemba yenyewe imejaa maji, acha habari za paa. Njia ya kwenda kwenye shimo imeziba au shimo limejaa, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Juu ya paa tafuta kiota, majani, au bomba lililofunikwa wakati paa likibadilishwa. Ingiza mpira wa kumwagilia kutoka juu na ufungue maji: yakirudi juu yakafurika, kizibo kimo humo. Penye vali ya kuingiza hewa badala ya bomba la paa, ifungue kwa muda na urudie jaribio; bakuli likitulia, kiwambo cha vali kimeganda. Maji yanayopungua siku za upepo tu, huku yakicheza juu na chini, hutokana na upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba la hewa.

Choo cha chumba cha wageni kisichotumika hakihitaji uchunguzi wote huu, maji hukauka tu. Katika hali ya hewa ya wastani hupungua kama milimita mbili au tatu kwa wiki, na penye joto na ukavu ni zaidi. Mnaosafiri kwa miezi, jazeni bakuli hadi kizingitini, mwageni juu yake vijiko viwili vya mafuta ya kula, mfunike.

Vyoo vya kuchuchumaa vya kumwaga maji kwa ndoo vipimwe kwa njia hizihizi, ila kizuizi chake mara nyingi ni kifupi, kama milimita 20 hivi, kwa hiyo huanza kunuka upesi zaidi. Tofauti kubwa ni kwamba mkunjo wake kwa kawaida ni kipande cha pekee kilichozikwa chini ya sakafu, kimeungwa na bakuli kwa saruji. Maji yakisimama mstari uleule kila siku, kiungo hicho ndicho cha kushuku kabla ya kauri, na hapo hakuna njia ila kuchimba.

Ni sisi,
Mafundi bomba, wasomaji wako