Mtambo wa gesi hauna moshi, lakini si salama moja kwa moja

Mhariri,

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mtwara, mzee mmoja alisema umeme wa gesi hauna madhara kwa sababu hauna moshi. Namwelewa. Juu ya bomba huoni kitu ila hewa inayotetemeka, kama juu ya paa la bati saa saba mchana.

Ni kweli gesi inayochimbwa Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, haitoi masizi kama dizeli. Ila ndani ya tabaini, yaani mashine inayozungushwa na gesi inayowaka ili kuzalisha umeme, joto ni kali mno, hata naitrojeni na oksijeni za hewa huungana kuwa oksaidi za naitrojeni, ambazo huwasha mapafu. Wenye pumu ndio huumia zaidi.

Dawa yake ipo: kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali. Amonia hupuliziwa kwenye hewa chafu, kisha hewa hiyo hupita kwenye matofali ya kichocheo hicho, yenye vitundu kama sega la nyuki, ikatoka naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Oksaidi hizo hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini mengi ya matofali hayo hutaka joto la nyuzi 300 hadi 400, amonia ikizidi nayo hutoroka bombani, na matofali yenyewe huchoka, hubadilishwa. Hapo ndipo nina wasiwasi. Kwenye matengenezo tunajijua.

Wanaopanga mitambo mipya huku kusini waache nafasi ya matofali hayo tangu kwenye michoro, na vipimo vya hewa vibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa.

Msomaji wako,
Chikongola, Mtwara