Leza yako isiyoitika

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, na barua yako nimeipata pamoja na picha zote. Pole kwa usumbufu wa hiyo mashine ya leza ya kuchongea inayokataa kuongea na kompyuta. Naona umeshaihukumu bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, kwamba imeungua na unataka kuagiza nyingine. Hebu shika pesa yako kwanza. Umesema taa inawaka na feni inazunguka, na ingawa hayo peke yake hayathibitishi kwamba bodi ni nzima, si dalili ya bodi iliyoungua kabisa. Mimi nashuku njia iliyopo kati ya mashine na kompyuta.

Anza na swali moja: je, kompyuta yenyewe inaiona mashine? Programu ya kuchongea iache kwanza, ifunge kabisa. Fungua Device Manager ya Windows, yaani orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kompyuta, nenda kwenye Ports, halafu chomoa waya wa USB na uuchomeke tena huku umekodolea macho skrini. Mambo yakiwa sawa orodha itacheza: mstari wenye neno CH340 na namba ya poti kama COM3 au COM5 utatoweka, kisha utarudi. Leza nyingi ndogo kama yako hutumia hiyo chipu ya CH340, ambayo kazi yake ni kupokea lugha ya USB na kuipeleka kwa bodi kwa namna inayoielewa.

Orodha isipotikisika hata kidogo, mshitakiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji zina nyuzi za umeme peke yake; zile mbili za data hazimo. Ndiyo maana watu wengi huchezewa akili: volti 5 zinapita, taa inawaka, mtu anaapa kwamba waya ni mzima. Tafuta waya ambao una hakika umewahi kuhamisha mafaili, uchomeke kwenye kompyuta yenyewe wala usipitie habu, kile kigawanyo cha matundu ya USB. Ukiwa mfupi ni bora zaidi. Jaribu na tundu jingine pia. Mimi nisingegusa kitu kingine chochote kabla ya hapo, hata kama muuzaji anakuambia usakinishe Windows upya. (Sijui kwa nini ushauri huo huwa wa kwanza midomoni mwao.)

Mstari ukijitokeza lakini una alama ya mshangao ya njano, hiyo ni draiva, programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na chipu. Pakua ya CH340 kutoka kwa WCH, watengenezaji wa chipu yenyewe, isakinishe, uwashe kompyuta upya. Na kama utaijaribu ile laptopu yako ya Ubuntu, kuna kioja chake: kwenye toleo la 22.04, brltty, programu ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu, huidhania CH340 kuwa kifaa chake na kuinyakua. Kama huihitaji, iondoe, kisha ujiongeze kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti, utoke na kuingia upya.

Sasa tuseme poti inaonekana ila programu bado inakataa kuunganisha. Poti hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Umeniambia una programu za kuchongea LaserGRBL na LightBurn zote mbili, na juu yake ile ya printa ya 3D ambayo hujifungua yenyewe kompyuta ikiwaka. Yoyote kati ya hizo ikishaikalia poti, nyingine zitaambiwa hakuna ruhusa. Zifunge zote, ubakize moja. Chagua namba ya COM uliyoiona kwa macho yako kwenye orodha, maana mara nyingi hubadilika ukihamia tundu jingine, na kasi ya mawasiliano uiweke 115200, ambayo ndiyo ya kawaida kwa bodi za GRBL, yaani zinazoendeshwa na programu ya ndani iitwayo Grbl.

Ukifanikiwa, mashine itakusalimia kwenye dirisha la amri kwa mstari unaoanza na Grbl 1.1. Yakitokea madudu yasiyosomeka, kasi siyo. Ikisalimia vizuri halafu kila amri inajibiwa error:9, usirudi kwenye nyaya: mawasiliano yapo, mashine imejifunga tu kwa tahadhari. Hakikisha hakuna kitu kimebana kichwa cha leza, kisha andika $X kuifungua, au $H kama ina swichi za mwisho wa reli. Na ikipokea kila kitu bila kulalamika lakini haisogei, angalia adapta na ile funguo ya pembeni. Bodi inaweza kuongea kwa umeme wa USB pekee, ila mota na leza husubiri umeme wao.

Kuhusu ule mkato wa katikati ya kazi uliotokea mwezi uliopita, huo ni ugonjwa mwingine. Umeandika kwamba ulianza baada ya kununua pampu ya hewa. Basi pampu ndiyo naishuku. Mota yake hutupa kelele za umeme, na waya wa USB uliolala sambamba na waya wa pampu huzidaka. Ipe pampu soketi nyingine, utenganishe hizo nyaya, zikikutana zipishane kama msalaba. Waya wa USB usizidi mita 5, na uwe na kile kidude cheusi cha feraiti karibu na ncha, kinachopunguza kelele hizo. Zima pia usingizi wa kompyuta, pamoja na ile tabia ya Windows ya kuizimia USB ili kuokoa umeme.

Huo mkato wa katikati ya kazi uuchukulie kwa uzito, Rashidi. Mawasiliano yakikatika, kichwa kinaweza kusimama huku mwali ungali unawaka mahali pamoja, na mbao haichelewi kushika moto. Andika $$ ili mashine ikuonyeshe mipangilio yake, uone kama $32, ule wa hali ya leza, ni 1, na kwenye programu uchague amri ya kuwasha leza ya M4 badala ya M3. Kwa mpangilio huo leza hujizima kichwa kinaposimama. Hata hivyo usiiache peke yake, na miwani usivue.

Fanya lile jaribio la Device Manager leo hii kama umeme upo, uniandikie ulichokiona neno kwa neno, hasa ile salamu ya Grbl kama imetokea. Bodi usiagize mpaka nikujibu.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi ndugu yako,
Hamisi